Uzi: Kusimulia historia ya Iringa mbele ya watu, papo hapo. Chai inaishia wapi, ukweli unaanzia wapi?

#1 MwanaMiyomboni (mleta uzi)

Wakuu, kamwene.

Kuna jambo tumekuwa tukilifanya hapa Iringa mjini, na kwa kuwa maswali yamekuwa mengi kwenye meseji, nimeona nilete uzi tujadili kwa pamoja. Ni kusimulia historia ya mji kwa mdomo, mbele ya watu, pale pale jambo lilipotokea au mahali ambapo unaweza kunyoosha kidole ukaliona. Hakuna projekta, hakuna mgeni rasmi, hakuna risala. Msimuliaji mmoja au wawili, ligombo, kinanda chetu cha nyuzi, kama mpigaji amepatikana, na watu wamekaa chini. Mwishoni kofia inapita. Mwenye jero anaweka, asiye nayo kasikia bure.

Nimeona mikoa mingine nao wameanza, na wengi wanaingia kwenye shimo moja: wanamgeuza shujaa wa kwao kuwa sinema. Kwetu sisi huyo ni Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Anapiga kelele, anarusha mkuki, Wajerumani wanaanguka, makofi, watu wanakwenda nyumbani. Halafu muulize mtoto aliyetoka kupiga makofi Lugalo iko wapi. Hajui. Na basi lake la kwenda Dar linapita hapo hapo Lugalo, mnara uko kando ya barabara.

Sisi tunapenda kuanzia Gangilonga, jioni, jua likiwa linaelekea kuzama. Ukikaa juu ya lile jiwe mji wote uko miguuni: Miyomboni, Kitanzini, Mshindo, saa ya jamatkhana, mabati ya soko, na huko ng'ambo mabonde. Wazee wanasema Mkwawa alikuwa akija kukaa juu ya jiwe hili na kutafakari. Sasa msimuliaji hahitaji picha. Anasema tu, "Huu mji mnaouona haukuwepo. Futeni nyumba zote." Watu wanacheka, lakini macho yanaanza kufanya kazi. Ngome yenyewe, Lipuli, ilikuwa Kalenga, upande wa magharibi. Mji huu tunaoishi ni wa Wajerumani, walioanza kuujenga mwaka 1896 chini ya Tom von Prince, yule ambaye watu walimwita Bwana Sakarani. Kwa hiyo hata kabla hujataja vita, mtu wa Iringa ameshajua kwamba anaishi kwenye mji wa pili, wa kwanza ulibomolewa kwa mizinga mwezi Oktoba 1894.

Sasa utaratibu wetu, ambao ndio hasa nilitaka kuuleta hapa. Historia ya mdomo ina vitu vya aina tatu na vyote vinatoka kwenye mdomo mmoja, kwa hiyo msikilizaji hawezi kuvitenganisha. Kuna kilichoandikwa wakati ule. Kuna kilichosimuliwa na wazee kikarithiwa. Na kuna kile ambacho msimuliaji anakitia mwenyewe ili kitu kinoge. Tulichofanya ni kuvipa alama. Msimuliaji akisema kitu chenye maandishi, ana karatasi mkononi na amesimama. Akisema cha wazee, anaketi kwenye kigoda. Na akitaka kubuni, kuingia kichwani mwa mtu, kusema alichokisikia au alichokiogopa, anaita "Paukwa!" Watu wote, "Pakawa!" Hapo kila mmoja hadi mtoto wa darasa la pili anajua: hii sasa ni ya huyu bwana mwenyewe.

Chukueni Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Msimuliaji amesimama na karatasi: Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, anapandisha kuja Uhehe na msafara mrefu, askari, wapagazi, punda wenye mizinga mgongoni. Njia nyembamba, vichaka huku na huku. Wahehe wamelala kwenye majani. Mapigano yenyewe yalikuwa ya dakika chache mno. Wazungu 10 walikufa, Zelewski akiwamo, na askari na wapagazi kwa mamia. Halafu anakaa kwenye kigoda. Anasema, inasimuliwa kwamba ishara ya kushambulia ilikuwa mlio wa bunduki, na kwamba afisa mmoja wa Kijerumani aliona ndege akampiga risasi, na Wahehe wakadhani ndiyo ishara yenyewe. Hapo watu wanaguna. Ndege! Na inasimuliwa pia kwamba aliyemchoma Zelewski mkuki akiwa juu ya punda alikuwa kijana mdogo, wa miaka kama 16.

Halafu ndiyo inakuja paukwa. Pakawa. Yule kijana amelala kwenye majani tangu alfajiri. Agosti, baridi ya huku mnaijua. Umande umemlowesha kifua. Siafu wamepanda mguuni na haruhusiwi kujikuna. Anasikia kwato za punda kabla hajaona kitu.

Hiyo sehemu ya siafu ni yangu kabisa, sijaipata popote. Na kila mtu pale anajua ni yangu, kwa sababu amenijibu "pakawa" kabla sijaisema. Inasisimua vile vile. Tena naona inasisimua zaidi, maana watu hawajikunji wakijiuliza kama wanadanganywa.

Karibuni tujadili. Wa Mbeya, Njombe, Songea, wote mje.

#2 KambiYaUzi

Naweka kambi hapa. Mleta uzi usitoroke.

#3 Mzee_wa_Hoja

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho na bado naona ni chai yenye kibali. Ukishaita paukwa unajipa leseni ya kutunga chochote. Mtoto akifika nyumbani atakumbuka siafu au atakumbuka tarehe? Atakumbuka siafu! Kesho kutwa siafu watakuwa kwenye mtihani.

#4 MwanaMiyomboni

Mzee wa Hoja, shikamoo. Ni kweli atakumbuka siafu. Lakini siafu hao wako Lugalo, kwenye majani, Agosti, njia ya Wajerumani ikiwa mbele yao. Akishawakumbuka siafu, mahali na msimu vimeshaingia. Tarehe ataipata shuleni, itakuwa na pa kukaa.

Na leseni siyo ya chochote. Kwenye paukwa hatubadilishi nani alishinda, nani alikufa, wapi, lini. Tunabuni baridi, njaa, harufu, woga. Maneno ya Mkwawa mwenyewe hatuyabuni kabisa. Hakuna mtu wetu anayeruhusiwa kusema "Mkwawa akasema" kisha akaweka hotuba. Hapo ndipo wengi wanapoharibu.

#5 MwalimuWaZamu

Nafundisha historia sekondari, kwa hiyo nina masilahi hapa 😀

Mambo mawili. Kwanza, paukwa pakawa ni ya pwani. Bibi yangu wa Kihehe hakuanza hadithi hivyo hata siku moja. Mnachukua adabu ya Waswahili wa Bagamoyo mnaivika Gangilonga.

Pili, na hili ndilo zito, mnasema "kilichoandikwa" mnasimama na karatasi kama vile karatasi haidanganyi. Karatasi hiyo kaandika nani? Mjerumani aliyekuwa akieleza wakubwa wake kwa nini kapigwa. Naye ana chai yake. Kusimama kunaipa heshima kubwa mno kuliko kigoda cha mzee.

#6 MwanaMiyomboni

Mwalimu, la kwanza nakubali na halinisumbui. Watoto wa mjini hapa, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wahindi, wamelijua "paukwa" kwenye vitabu vya shule na redio. Ni kitu ambacho wote wanakijibu bila kufundishwa. Tungetumia cha Kihehe nusu ya watu wangebaki wanatazamana.

La pili umenigusa pazuri. Tumekuwa tukilijadili na wenzangu. Tunachofanya sasa ni kwamba mwenye karatasi lazima aseme ni karatasi ya nani. "Huyu aliyeandika alikuwa Mjerumani, alikuwa nyuma ya msafara, akanusurika." Maana Lugalo taarifa za upande wao zilitoka kwa walionusurika, kundi la nyuma lililokuwa chini ya Luteni Tettenborn. Mtu wa nyuma anaona nini cha mbele? Moshi na watu wanaokimbia. Ukishasema hivyo karatasi inashuka yenyewe, haihitaji kukaa chini.

Na kuna jambo moja zaidi la Lugalo watu hawaliulizi mpaka uwaonyeshe. Askari waliokufa pale walikuwa kina nani? Wengi walikuwa Wasudani, na wengine walioandikishwa kutoka Msumbiji. Mnara wa pale ni wa Wajerumani waliokufa. Wale wengine hawana. Tulipolisema hili kuna baba mmoja aliuliza kwa sauti, "Sasa wapagazi je?" Hatukuwa na jibu la kumpa, na hatukulitengeneza.

#7 Mbarali_Asili

Nimekaa kimya nasoma. Mnaongea Mkwawa, Mkwawa. Mimi ni Msangu. Kwetu Usangu mkisimama na hiyo kofia yenu inayopita mtarudi nayo tupu.

Mtemi wetu Merere na watu wake walisukumwa na Wahehe wakatoka kwenye nchi yao, wakaenda kujihifadhi huko milimani upande wa Mbeya. Walirudi Usangu baadaye, na walirudi kwa msaada wa hao hao Wajerumani. Kwa babu zetu Mjerumani alikuwa mkombozi wa muda, na Mkwawa ndiye aliyechoma vijiji. Hiyo mnaisimuliaje Gangilonga, mbele ya Wahehe wanaopiga makofi?

#8 MwanaMiyomboni

Ndugu wa Mbarali, ahsante, na nilikuwa nasubiri mtu wa kwenu.

Tunaisimulia, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tunaweka wasimuliaji wawili. Mmoja Mhehe, mmoja Msangu. Tulimpata Msangu wetu pale stendi Ipogolo, anafanya biashara ya mchele, na mdomo anao. Wanasimama pande mbili za watu, watu wako katikati, na wanaruhusiwa kukatizana.

Mhehe anaanza: Munyigumba aliunganisha watu, alipokufa 1879 nchi ikagawanyika, mwanawe Mkwawa akaikusanya tena, akajenga ngome Kalenga. Msangu kutoka nyuma: "Hao waliounganishwa walikuwa wanafuata mbinu za nani za vita? Mikuki hiyo na vikosi hivyo mlijifunza wapi?" Watu wanageuka shingo. Mhehe anajibu, Msangu anadakia. Mkifika 1894, Wajerumani wanapiga ngome mizinga, Mhehe anasimulia kwa uchungu, ukuta wa mawe na udongo unapasuka, Mkwawa anatoka anaingia msituni. Akimaliza, Msangu hasemi neno kwa muda. Halafu anasema, "Siku hiyo kwetu tulianza kufunga mizigo ya kurudi nyumbani."

Nimeshuhudia Mhehe mtu mzima kabisa, mwenye koti la suti na kofia ya pama, akisikia sentensi hiyo akasema "Eee" ya chini chini, kama mtu aliyelipishwa deni alilokuwa anajua analo. Hakuna aliyezomea. Makofi ya siku hiyo yalikuwa madogo, lakini watu hawakuondoka, walikaa wakibishana mpaka giza.

#9 Mngoni_wa_Kweli

Wahehe bwana. Na sisi mtuweke. Babu zenu na babu zetu walipigana mwishoni mwa miaka ya 1870 mpaka miaka ya 1880 hakuna aliyemmaliza mwenzake. Mmepona tu. Nileteeni mbwa mmoja nije nisimulie.

#10 KihesaStendi

Watani mmefika 😂 Mngoni, mbwa wameisha, msimu umeharibika. Njoo unywe ulanzi, upande wa kusimulia utapewa ukishalewa.

#11 Tosa_Junior

Wakuu turudini kwenye hoja. Fuvu. Kila mgeni akija Iringa anataka kuona fuvu la Mkwawa kwenye makumbusho ya Kalenga, anapiga picha, anaondoka. Mnalisimuliaje bila kuligeuza maonyesho?

#12 MwanaMiyomboni

Swali zuri. Kwanza, hatusimulii ndani. Ndani ya makumbusho watu wananong'ona na kila mmoja anatazama kioo. Tunasimulia nje, kabla hawajaingia, ili wakiingia wawe na kitu kichwani.

Tunaanzia Mlambalasi, barabara ya kwenda Ruaha, 19 Julai 1898. Miaka karibu minne tangu ngome ianguke, na bado watu walimficha na kumlisha. Wajerumani waliweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta, na mahali pake wakamsimika nduguye Mpangile mwezi Desemba 1896, kisha mwanzoni mwa 1897 wakamnyonga wao wenyewe. Doria ya sajini Merkl inafika pale, imesikia mlio wa bunduki. Wanakuta miili miwili. Mkwawa amejipiga risasi. Kichwa kikakatwa. Mwili umezikwa huko huko Mlambalasi.

Hapa tunaruka hadi 1919, na tunasoma kwa sauti kavu kama karani. Mkataba wa Versailles, ule uliomaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, ibara ya 246. Ujerumani itarudisha Kurani ya Khalifa Uthman kwa Mfalme wa Hijazi, na itakabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Watu siku zote wanacheka kwanza. Mataifa yamekaa mezani kugawana dunia, na katikati ya karatasi hiyo kuna kichwa cha mtu wa Kalenga. Halafu kicheko kinakatika chenyewe. Na miezi sita ikapita, na miaka 30 na zaidi ikapita.

Gavana Edward Twining ndiye aliyekwenda kwenye makumbusho ya Bremen. Mafuvu yalikuwa mengi. Likachaguliwa moja kwa vipimo, kwa kulinganisha na vichwa vya watu wa ukoo wa Mkwawa. Likarudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, yule yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Siku 18 baadaye TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Kenya jirani Mau Mau ilikuwa inawaka. Twining hakuwa anafanya hisani tu, alitaka Wahehe wawe upande wa Mwingereza. Haya yote tunayasema tukiwa tumesimama.

Halafu msimuliaji anakaa kwenye kigoda na kuuliza swali ambalo wazee wenyewe huliuliza: ndilo lenyewe? Anawaachia. Anasema "ingieni." Nakuhakikishia mtu aliyeingia na swali hilo hapigi picha haraka.

#13 DadaWaSoko

Kaka umesema yote umeacha yangu. Mimi ndiye ninayesimulia pale Boma, jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa.

Wadau, mtaona katika mabandiko yote hapo juu hakuna mwanamke hata mmoja. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi pia. Kwa hiyo nilianza kwa kutafuta mwanamke mwenye karatasi, nikampata Magdalene, mke wa Tom von Prince. Alikuja na mumewe Iringa, aliishi hapa, aliandika aliyoyaona. Namsimulia nikiwa nimesimama. Nguo zake, bustani yake, mumewe anatoka asubuhi kumsaka Mkwawa anarudi mikono mitupu.

Kisha nakaa, halafu naita paukwa mara moja tu katika onyesho zima. Kuna mwanamke wa pili, ambaye hakuandika, na jina lake halipo popote. Ndiye anayebeba chakula usiku kumpelekea mtu msituni. Mtu yule yule anayesakwa asubuhi. Huyo nambuni mimi, lakini chakula kilikwenda, hilo halibuniwi, vinginevyo mtu angeishije msituni miaka minne akisakwa?

Nikifika hapo akina mama huwa wananisahihisha. Kuna bibi mmoja wa Kihesa alinikata: "Hawezi kubeba kichwani usiku huo, atagonga matawi. Mfunge mgongoni kama mtoto, askari wakimkuta aseme amebeba mtoto." Tangu hapo nabeba mgongoni. Na bibi huyo huyo ndiye aliyemwambia kijana wetu mmoja aliyekuwa anajifanya shujaa, "Mjukuu wangu, mkuki haushikwi hivyo, hapo umeshika fimbo ya kuswagia ng'ombe." Akasimama akamwonyesha. Watu walishangilia kuliko walivyoshangilia onyesho.

Ushauri kwa wanaoanza: mzee akinyoosha mkono, nyamaza na kaa. Usiseme "subiri nimalize bibi".

#14 MwalimuWaZamu

DadaWaSoko, hiyo ya kufunga mgongoni nitaiiba niende nayo darasani.

Swali la ufundi tu, sauti mnafanyaje? Mtaa wa sokoni una bajaji, kuna spika za wauza dawa, kuna adhana.

#15 DadaWaSoko

Soko tunalikwepa saa kumi mpaka saa kumi na mbili, pale hata ungekuwa na spika mbili unaaibika. Asubuhi ya Jumapili ni nzuri. Adhana ikianza tunasimama, tunasubiri, tunaendelea. Upepo uwe nyuma ya msimuliaji uende kwa watu. Jua liwe mgongoni kwa wasikilizaji, siyo machoni kwao. Na watu wakae karibu karibu, watu waliotawanyika hawacheki.

Juni na Julai njooni na makoti mazito, Gangilonga jioni siyo mchezo.

#16 Mwanjelwa_Mpya

Salamu kutoka Mbeya. Naona wivu wa maendeleo. Sisi Mbeya tuna nini? Mji wenyewe wa mwaka 1927, wa watu waliofuata dhahabu ya Lupa, Chunya. Hatuna Mkwawa.

#17 MwanaMiyomboni

Mkuu, afadhali kutokuwa na Mkwawa! Sisi anatumeza. Watu hawataki kusikia kitu kingine. Tulijaribu kusimulia wakimbizi wa Kipoland waliowekwa Ifunda wakati wa Vita vya Pili, watu waliohamishwa kwa nguvu na Warusi, wakapita Uajemi, wakaishia Iringa na wengine Kidugala huko Njombe. Hadithi ya ajabu kabisa. Katikati mtu anauliza, "Mkwawa atakuja saa ngapi?"

Nyie mna dhahabu ya Lupa na mna TAZARA. Reli imejengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na waliojenga wengine bado wako hai. Hao siyo wa kusimuliwa. Hao ndio wasimuliaji. Mtafute mzee mstaafu mkae naye pale stesheni ya Mbeya, treni ikichelewa ndiyo umepata hadhira.

#18 Mwanjelwa_Mpya

Treni ikichelewa 😂😂 basi tuna hadhira kila wiki.

Ila umenikumbusha. Babu yangu alikuwa kipande cha Mlimba–Makambako, kile cha mahandaki na madaraja, kinachopanda kutoka bonde la Kilombero. Akikutana na wenzake hawasimulii mawe wala baruti. Wanasimulia chakula. Namna Wachina walivyokula, namna walivyojilimia mboga zao wenyewe kambini, mabwana wahandisi wameshika jembe. Hilo liliwashangaza kuliko mashine. Walikuwa wamezoea mhandisi wa Kizungu asiyegusa udongo.

#19 MwanaMiyomboni

Umeshaanza kusimulia tayari. Anza na jembe hilo, usianze na kilomita.

#20 Isimani_Kavu

Nimesoma vyote. Mimi natoka Isimani, na najua mtafika tu kwetu. Niulize moja kwa moja. Krismasi ya 1971 mnaisimulia?

#21 Mzee_wa_Hoja

Hapo sasa. Hapa ndipo nitajua kama hawa vijana wana adabu.

#22 MwanaMiyomboni

Kwa ambao hawajui: tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alikwenda Isimani kwenye shamba la Said Mwamwindi. Ilikuwa wakati wa kuanzisha vijiji vya ujamaa, na Isimani ilikuwa nchi ya wakulima wakubwa wa mahindi, watu wenye matrekta. Wakakorofishana. Mwamwindi akampiga risasi, akampakia kwenye gari, akaendesha mwenyewe hadi polisi mjini akajisalimisha. Alishtakiwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Chuo cha ualimu hapa mjini kina jina la Klerruu. Shambani kule kuna familia.

Tumeisimulia mara chache sana, na haina paukwa. Hilo tulikubaliana kabla ya yote. Sijui mtu alifikiri nini shambani siku ile na sina haki ya kukisema kwa niaba yake, iwe yule au huyu. Siafu wa Lugalo wana miaka zaidi ya 130, hakuna mtu wa kuwadai. Hapa wajukuu wako kwenye mkeka wa mbele, wa pande zote mbili pengine, na hawajuani.

Kwa hiyo ni karatasi tu, amesimama, sauti ya kawaida. Ligombo halipigwi. Kofia haipiti. Tunaisimulia mchana, siyo jioni. Na hatuweki mtu wa kuwa shujaa. Kuna watu walikuja wakitaka tumfanye Mwamwindi shujaa wa wakulima, na wengine walitaka Klerruu awe shahidi wa ujamaa. Wote waliondoka hawajaridhika, na mimi sikuona kasoro.

#23 Mzee_wa_Hoja

Kijana nimekuelewa. Bado siafu siwakubali.

#24 Isimani_Kavu

Sawa. Nilitaka kusikia hilo la paukwa.

Nyumbani kwetu kuna mzee ambaye siku ile alikuwa kijana, anajua mengi ya mashamba yale, nani alikuwa na trekta gani, mvua zilikuwaje, bei ya mahindi, watu walivyoambiwa wahame. Kuhusu tukio lenyewe hasemi na hatumlazimishi. Lakini mambo ya kabla, ya kilimo, anasema sana, tena anacheka. Nafikiri hiyo nayo ni historia. Watu wakitaja Isimani wanataja siku moja tu.

#25 DadaWaSoko

Hiyo ndiyo haswa tunayoikosa! Miaka ya mahindi kabla ya siku ile. Tunaweza kuja kwake? Hatumleti mjini, tunakwenda sisi. Bila maiki wala simu za kurekodi kama hapendi.

#26 Isimani_Kavu

Nitamuuliza. Maiki hataki, hilo najua tayari. Na msije wengi. Mje wawili, mmoja awe mwanamke ili bibi naye aongee, maana bibi ndiye anayekumbuka bei.

#27 MwanaMiyomboni

Tutakuja wawili, mimi na DadaWaSoko. Tuambie asubuhi au jioni, na kama kuna kitu cha kubeba kwa ajili ya wazee, sukari au ugoro.

#28 Isimani_Kavu

Sukari kwa bibi. Ugoro daktari alimkataza mzee, msimletee hata akiomba, na ataomba.